Kilima Hiki Kinaitwa Wifi

Kaeni wote mahali ninapoweza kuwaona, kwa sababu shingo yangu haigeuki tena na sitaki kusema na ukuta. Mkubwa, kaa hapo hapo kwenye kiti. Binti yangu, ondoka mlangoni, leo chakula cha shule kitapikwa na wenzako. Na wewe kitinda mimba, njoo ukae hapa miguuni pangu, usiogope kuchafua shuka, hilo vumbi la kokoto lililo kwenye suruali yako nimelala nalo maisha yangu yote. Mwenyekiti wa mtaa, karibu, nimekuita uwe shahidi, kwa hiyo usijifanye unatazama dari, dari hiyo haina kitu ila nyufa. Fungueni dirisha la uani, lifungueni lote, na mtu asilifunge mpaka nimalize.

Sasa nisikilizeni bila kunikatiza, maana pumzi niliyobaki nayo inatosha kusema mara moja tu. Ninakufa. Muuguzi amesema, na mwili wangu ulikuwa umeshasema kabla yake. Sikuwaita mje kulia. Nimewaita kwa sababu nimelala humu siku nyingi nikiwasikia mnanong'ona sebuleni juu ya kilima hiki kilichobeba nyumba yetu, nani atakiuza, atamuuzia nani, na lini, kana kwamba mimi ni gunia la mkaa lililosahauliwa chumbani. Ugonjwa umekula miguu, masikio haujayagusa. Basi jibu langu lipokeeni kwanza, sababu zitafuata: kilima hakiuzwi. Hakiuzwi nikiwa hai, na hakiuzwi nikiwa chini ya udongo.

Mkubwa, jana ulinisomea karatasi ya kampuni ya kokoto. Ulisoma vizuri, sauti ya mtu aliyesomeshwa. Ulisema Kitalu A, kipande cha juu, na njia ya mitambo kupita uani kwetu. Ukarudia Kitalu A, Kitalu A, mpaka nikadhani umelisahau jina lake. Hukutamka Wifi hata mara moja. Mtoto niliyekuzaa katika chumba hiki, juu ya kilima hiki, ukajifunza kutembea kwa kushika mawe yake, leo unakiita kwa herufi kama mtu anayeita namba ya mgonjwa hospitalini. Hapo ndipo nilipokasirika. Kwa habari ya kuuza peke yake ningeweza kukusamehe, kila mtu ana shida zake. Lakini herufi hiyo naifahamu. Ilishaingia nyumbani kwangu zamani, na ilipotoka ilitoka na mtu.

Nyie wadogo hamkuvikuta vilima vyote, mmekuta mashimo. Vilikuwa vitano, vimekaa nusu duara nyuma ya mji kama watu wanaoota moto. Cha kwanza upande wa barabara kuu kiliitwa Kipara, kwa sababu utosi wake ulikuwa mwamba mtupu, haukuota hata jani, na mvua ikinyesha ulikuwa uking'aa kama kichwa cha mtu aliyetoka kwa kinyozi. Kipara alikatwa kabla ya wengine wote. Ukitaka kumwona leo, nenda hospitali ukaushike ukuta wa wodi ya wazazi, ndiye huyo. Nenda stesheni, ngazi zile ni yeye. Sikuwahi kumlilia Kipara. Alikatwa na watu waliomjua kwa jina, wakamjenga upya mahali pengine.

Waliofuata ni Mapacha, vichwa viwili kwenye kiwiliwili kimoja. Wachonga mawe walikuwa makundi mawili, kila kundi na pacha wake, na kila kundi likiapa kwamba pacha wake ndiye wa kwanza kuzaliwa, kwa hiyo wapewe wao heshima ya kuteka maji kwanza. Watu wazima, wenye wake na watoto, wananuniana kwa ajili ya umri wa mawe. Baba yenu alikuwa mbaya kuliko wote. Siku moja alirudi nyumbani hataki kula kwa sababu mtu amemwambia pacha wake ni mdogo.

Cha nne kiliitwa Chelewa. Hicho kilisimama mashariki ya nyumba za chini, kikawazibia watu jua, asubuhi kwao ikawa inaingia wakati wengine wameshafua na kuanika. Watoto wa huko walifika shule nyuma ya kengele, na mwalimu akiuliza sababu wanajibu, tunakaa Chelewa, naye anawaruhusu waingie bila kiboko. Hata waliokaa kwingine wakaanza kudai kwamba wanakaa Chelewa. Leo Chelewa ni shimo lenye maji ya kijani. Jua linawafikia watu wa chini mapema sawa na wengine, na hakuna mtoto mwenye udhuru.

Na wa tano ni huyu tunayemkalia. Mmeona alivyoinama mbele, kiunoni kama ameegemea ua wa jirani? Kutoka hapa unaona sufuria ya kila mtu, nguo ya kila mtu, nani ameingia kwa nani na ametoka saa ngapi. Wake wa wachonga mawe wakasema huyu si kilima, huyu ni wifi. Jina likashika. Shangazi yenu, dada yake baba yenu, alikuja kukaa nasi akadhani jina nimelitunga mimi kwa ajili yake. Nilimwambia nimelikuta. Hakuniamini mpaka anaingia kaburini, na alikuwa na sababu ya kuchukia, kwa sababu ya kazi yangu, na kazi hiyo sasa ndiyo nataka muielewe vizuri.

Nilikuwa nauza uji machimboni. Asubuhi moja mpasuaji fulani aliondoka na kikombe changu, nikampigia kelele akiwa ameshafika upande wa pili wa Mapacha, akarudi nacho mbio. Nyapara alikuwa amesimama pale. Akaniambia, "Mama, sauti hiyo unaimaliza kwa kikombe? Njoo uifanyie kazi." Tangu siku hiyo nikawa mwitaji. Kilima kikishatiwa baruti, nyapara ananyanyua kitambaa chekundu, mimi napanda juu ya pipa lililopinduliwa, naita jina la kilima kile, naliburuta mpaka lifike chini kabisa, kisha nalirudia. Wanaofanya kazi kwenye kilima kilichoitwa wanashuka na kujificha nyuma ya vingine. Ambao kilima chao hakikuitwa hawaachi nyundo, maana kama kila mlipuko ungesimamisha watu wote, hakuna jiwe ambalo lingechongwa. Ndivyo tulivyofanya kazi. Mtu alikuwa anatega sikio asikie jina lake au la mwenzake. Kwa hiyo siku walizokuwa wakijaribu baruti kwenye mguu wa kilima hiki, mbali na nyumba, mji mzima ulinisikia nikiita, "Wifi, Wifi analipuka, mkimbieni Wifi," na shangazi yenu ndani ya nyumba hii anafunga madirisha kwa hasira. Chekeni tu. Hata mimi nilikuwa nacheka juu ya pipa. Lakini miaka yote niliyoita, hakuna mtu aliyepoteza hata ukucha.

Kisha machimbo yakauzwa, akaja meneja mpya tuliyempa jina Bwana Rula, kwa sababu alitembea na rula mfukoni mwa shati kama wengine wanavyotembea na kalamu. Akasema majina haya ni utoto, madereva wa malori watachanganyikiwa, na wakubwa wake wakija watamuuliza Wifi ni nini. Akavipa vilima herufi. Wifi akawa A, Mapacha wakawa B na C, Chelewa akawa D. Akaandika kwenye ubao, akautundika getini, akaleta king'ora cha kulia badala yangu. Akaniambia niende nikapumzike. Nikamuuliza, "Na watu umewaambia nani ni nani?" Akasema, "Ubao upo." Nikarudi kwenye sufuria yangu ya uji.

Mkubwa, usiinamishe kichwa, sehemu hii unadhani unaijua. Mliambiwa baba yenu alikufa kwa ajali, na kampuni iliandika kwamba alipuuza onyo. Hakupuuza. Wakati huo alikuwa ameshahamia Chelewa, yuko mgongoni mwake anachonga mawe ya ngazi, pamoja na mtoboaji tuliyemwita Msumari, ambaye alitolewa chini ya kifusi akiwa hai, akanisimulia kwa mdomo wake. King'ora kililia. Baba yenu akanyanyua uso akauliza, "Leo ni nani?" Msumari akasema amesikia getini kwamba ni D. Baba yenu akauliza, "D ndiye nani?" Msumari akamjibu, "Sijui. Lakini si sisi, sisi ni Chelewa."

Wakaendelea na kazi.

Ndiyo hivyo, wanangu. Alisikia onyo, akaliulizia, akapewa jibu ambalo mtu yeyote wa vilima hivi angelitoa. Mtu anajua anakokaa. Huwezi kumbadilishia usiku mmoja ukamwambia wewe sasa ni herufi, kisha ukamlaumu kwamba hakuitika. Na mimi nilikuwa wapi? Getini, na mwiko mkononi. Ningepewa nafasi ya kuita jina moja tu, angeshuka, angekuja kunywa uji, na kitinda mimba wangu usingezaliwa ukiwa yatima.

Baada ya mazishi Bwana Rula alikuja hapa. Alikaa kwenye kiti hicho hicho, Mkubwa, na wewe ulikuwa umejificha nyuma ya pazia unanyonya kidole. Alileta maneno yaliyokwisha kuandikwa, kwamba marehemu alionywa akapuuza, nami nikubali, kampuni itanipa kifuta machozi. Nikamwambia anitajie mume wangu alifia wapi. Akasema Kitalu D. Nikamwambia hapo sipajui, mume wangu hakuwahi kufika huko, akamtafute mjane mwingine. Akaniambia, "Mama, utakula hayo majina?" Nikamjibu, "Nitayala. Na wewe hutaonja."

Sasa tuzungumze lile unalolisema nikisinzia, Mkubwa. Unawaambia wadogo zako kwamba ukaidi wa mama ndio uliowalaza na njaa. Ni kweli. Sitakukatalia. Mlilala na njaa, mlivaa nguo za watu, dada yako aliacha shule ili wewe uendelee, akaingia kwenye jiko la shule ile ile kupikia waliokuwa wanakaa naye dawati moja. Naujua uzito wa kila tonge ambalo hamkulipata. Na ningerudishwa leo, Bwana Rula akakaa tena hapo na maneno yake, ningemfukuza tena, na mapema zaidi, kabla hajamaliza maji niliyompa. Baba yenu hakuwa mzembe. Mtoto anaweza kushiba kesho. Lakini baba akishaandikwa mzembe na mkewe akakubali, atabaki hivyo hivyo mpaka wajukuu.

Msidhani kampuni ya leo ni nyingine. Walibadilisha jina lao wenyewe, wanajua sana faida ya majina wanapoyahitaji. Zamani mawe ya Wifi waliyajaribu wakayaacha kwa sababu ni mepesi kupasuka, hayafai kujengea, ndiyo maana tulipewa tujenge huku juu. Siku hizi wana mashine zinazosaga kila kitu, hata jiwe bovu ni kokoto. Na mashine hizo haziwezi kupanda ila kwa kupita uani kwetu, kwingine kote ni genge, mwamba uliokatika wima. Maana yake uani huu ndio mlango. Mkiufungua, jirani wa nyuma ataondoka, na wa nyuma yake, na wote walio chini ya Wifi watakula vumbi mpaka wauze wenyewe. Wameanza na herufi kwa sababu wanajua hakuna mtu atakayesimama njiani kumtetea Kitalu A. Nani amewahi kumlilia Kitalu A? Lakini mwambie mama yeyote wa mtaa huu kwamba kesho wanamuua Wifi, uone kama atamaliza kufua.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Andika, Mwenyekiti. Nyumba hii, na uani wake, na kipande chote cha juu kama kinavyokwenda mpaka kwenye genge, nampa binti yangu. Msimtazame hivyo. Nampa kwa sababu nyie wawili mkikasirika mnaondoka, yeye akikasirika anabaki. Asiuze, asikodishe kwa mtu wa machimbo, na siku akichoka amwachie mtu mwenye tabia kama yake. Ndugu zake wakirudi wana chumba na wana sahani, hilo ni lazima, binti yangu, hata wakirudi na maneno.

Mkubwa, wewe una vile vyumba vya kupangisha vya kule chini, nilivijenga kwa uji na sasa ni vyako. Nilikusomesha ujue kusoma karatasi, si kuzitii. Nakupenda, na nimekukasirikia, na yote mawili nakwenda nayo.

Kitinda mimba, wewe ndiye nakuonea huruma. Unaendesha lori lao. Najua watakuachisha kazi wakisikia haya, na sitakudanganya kwamba hawatakuachisha. Hukunijia na maneno ya kuuza, ulikaa kimya tu ukila chakula chako ukiwa umeinama, na huo ukimya uliniuma kuliko kelele za kaka yako. Chumba cha mbele kinachotazama barabara ni chako, pamoja na ile kompresa uliyoinunua ukaificha nyuma ya choo ukidhani sijui. Ziba pancha. Malori yao yote yatapita mbele yako, yakipasuka magurudumu watakubembeleza, na uwatoze vizuri.

Madeni sina. Mwenye kunidai asimame sasa aseme, asisubiri nisiwe na mdomo.

Mwenyekiti, nakusikia unakohoa. Unataka kusema maneno bila alama ya mkono hayana nguvu. Unadhani niliomba dirisha lifunguliwe kwa ajili ya hewa? Binti yangu, chungulia uwaambie. Kuna jirani wa nyuma, kuna mama muuza nyanya, kuna fundi cherehani na mkewe, wamesimama hapo tangu nilipoanza, na nimekaza sauti makusudi mpaka kifua kinawaka ili wasikie kila neno. Niliwahi kuita mji mzima, nashindwaje kuita uani kwangu? Hao ndio mashahidi wangu. Watu wote hao huwezi kuwafungia kwenye faili.

Wino sitaki. Hata kwa maneno yangu mwenyewe sitaki. Nikikubali kuweka kidole gumba mahali pamoja leo, kesho kitaonekana kimewekwa mahali pengine, na nani atajua kipi niliweka nikiwa naona? Mkubwa, toa hicho kidau cha wino kilichomo mfukoni mwa shati. Nimekiona tangu ulipoingia. Toa, mpe Mwenyekiti, arudi nacho ofisini kwake. Sikutukani. Mtoto wangu hawezi kumfungua mama yake vidole akiwa maiti. Lakini wale waliokutuma hawakunizaa wala sikuwazaa.

Sogeeni. Sauti inashuka. Sikuizoea hivi.

Mnizike huku juu, upande wa genge, pasipo na kivuli. Msiandike maneno mengi. Andikeni nilikuwa mwitaji, na nimelala Wifi. Mtu akija na ubao wenye herufi, ung'oeni, mkaufanye kuni. Watoto wenu wafundisheni vyote vitano, hata vile ambavyo ni maji sasa. Kipara. Mapacha, na msigombane nani mkubwa. Chelewa, wakiuliza babu yao yuko wapi. Semeni Chelewa. Kwa sauti. Msiseme kama mnaomba radhi.

Mungu awape migongo migumu. Awape usingizi. Mkubwa, awe anakushika mkono unaposaini. Binti yangu, akupe kucheka, umecheka kidogo mno. Kitinda mimba, lete kichwa. Hivyo. Ubarikiwe na hilo vumbi lako. Mpendane kama mlivyopendana nilipokuwa sina cha kuwagawia.

Nimechoka sasa.

Binti yangu, mkono wa kulia. Ukunje. Kidole gumba ndani, vingine juu yake. Kaza, sisikii maumivu. Funga na kitambaa chako, mpaka nipoe, mpaka uwe mgumu. Wakija kunikosha, waambie huu waukoshe hivyo hivyo.

Mtu asininyooshe.